Sifa ya Fundi Ajaribuye Chombo

Kazi nyingi za mikono huhukumiwa na wanadamu, na wanadamu, kwa sababu ya urafiki, haya, haraka au ujinga, huwa mahakimu wepesi. Seremala wa mitaa ya Ngarenaro au Kijenge, Arusha, aliyetengeneza kitanda chenye mguu mmoja mfupi aweza kuutilia mguu ule kipande cha ubao, akakisifu kitanda chake kwa maneno matamu, na mnunuzi akakichukua akalala juu yake miaka kumi bila ya kunung'unika. Mlango uliokwenda upande hukazwa bawaba, kabati lisilofunga hupewa kufuli, na aibu ya fundi husitirika. Lakini yuko fundi mmoja ambaye kazi yake haipati stara hiyo, naye ni mwundaji wa vyombo vya majini, kwa kuwa hakimu wake hana masikio ya kusikia sifa, hana jamaa wa kumpendelea, wala hapokei hongo. Maji huingia palipo na upenyo na hukaa nje pasipo na upenyo, na hukumu hiyo haina rufani.

Nakusudia katika insha hii kuisifu sehemu ya ufundi huo isiyosifiwa sana. Watu huisifu mbao iliyong'aa kwa randa na msasa, huusifu mkato wa omo na ulaini wa mbavu, na siku ya kushua huja kwa vigelegele. Ila kati ya randa na vigelegele kuna muda ambao fundi, peke yake au pamoja na msaidizi mmoja, huitafuta kasoro ya kazi yake kwa bidii ile ile aliyoitumia kuificha. Muda huo ndio wa majaribio, nami naamini kwamba heshima ya ufundi wote imelala humo.

Huenda msomaji akastaajabu kuona sifa ya chombo cha baharini ikiandikwa Arusha, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, mji ambao mito yake, Themi, Naura na Ngarenaro, huvukwa kwa miguu wakati wa kiangazi, na ambao bandari ya Tanga iko mbali nao kwa zaidi ya kilomita 400 za barabara. Staajabu hiyo ni ya haki. Walakini umbali wenyewe una manufaa yake: mtu wa pwani, akitilia shaka ubavu wa mtumbwi wake, huusukuma majini kabla ya chakula cha mchana akapata jawabu, ilhali mtu wa Arusha hana budi kuipima shaka yake hatua kwa hatua, nchi kavu kwanza, kisha katika maji madogo, kisha katika maji makubwa, na kwa hiyo hujifunza kwa mpango mambo ambayo mwenziwe huyajua kwa mazoea.

Chombo nikikusudiacho ni kayaki ya mbao, chombo chembamba kilichofunikwa juu kutoka omo, yaani mbele, hata tezi, yaani nyuma, isipokuwa tundu moja la katikati aketipo mpigaji kafi, na kafi yenyewe ina mabapa mawili, moja kila ncha. Asili yake ni kwa watu wa nchi za barafu, Wainuti wa Greenland na wa kaskazini ya Kanada na jamaa zao wa Alaska, waliounda kiunzi kwa magogo yaliyoletwa na mawimbi, kwa kuwa miti haioti kwao, kisha wake zao wakakivika ngozi za sili zilizoshonwa kwa mshono usiopenya maji. Mwundaji wa Greenland alichukua vipimo katika kiwiliwili chake: urefu wa chombo ulikuwa mara tatu ya mikono yake miwili iliyonyoshwa, na upana wake ulikuwa upana wa nyonga zake na ngumi mbili za kuongeza. Mikono miwili iliyonyoshwa ni pima moja, kipimo kile kile ambacho mafundi wa pwani yetu walikitumia pamoja na dhiraa na shubiri kuunda majahazi bila ya kuchora mstari mmoja juu ya karatasi. Basi kayaki ni chombo cha pima tatu, yaani mita tano na kidogo, nao ndio urefu wa kayaki nyingi za bahari hata leo. Watu wawili wasiopata kuonana, mmoja katika barafu na mmoja chini ya minazi, waliukuta ukweli mmoja, kwamba chombo cha mtu hupimwa kwa mtu.

Mwundaji wa pwani ana mvule na mtiki kwa mbao za jahazi, na mwembe kwa mtumbwi wa ngalawa. Mwundaji wa Arusha ana hazina nyingine. Miteremko ya Meru ina mashamba ya paina, saiprasi na mgrivelea, ambayo mbao zake, zikichaguliwa zisizo na vifundo, zafaa kwa fito na mbavu za ndani. Ana mringaringa, mti ambao watu wa milimani wameuchonga mizinga ya nyuki tangu zamani. Na anautazama kwa heshima mtarakwa wa msitu wa Meru, mti wenye harufu nzuri unaostahimili kuoza, lakini haugusi, maana msitu umehifadhiwa, na hakuna fahari katika chombo kilichoanza kwa wizi.

Ganda la kayaki hukatwa katika plaiwudi nyembamba ya milimita nne hivi, na hapo ndipo jaribio la kwanza huanza, kabla hata msumeno haujalia. Muuzaji ataapa kwamba plaiwudi yake ni ya baharini, na pengine ni kweli, ila kiapo hakizuii maji. Kwa hiyo fundi mwenye akili huomba kipande cha pembeni, akakipeleka jikoni, akakichemsha katika sufuria kwa saa kadhaa, akakikausha, akakichemsha tena. Maji ya Arusha, kwa sababu ya kimo cha nchi, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini joto hilo latosha kuifichua gundi ya hadaa: tabaka za ubao zikiachana, biashara imekwisha, zikishikamana, fundi hurudi dukani na fedha mkononi na moyo uliotulia.

Mbao zikishakatwa hutobolewa vitundu ukingoni, kisha huunganishwa kwa kushonwa na waya za shaba, ambazo Arusha hupatikana hata kwa mafundi wanaofungua mota zilizoungua. Mshono ukikazwa, mbao bapa hujikunja na kuwa umbo, na fundi aliyekuwa na karatasi za ubao asubuhi huwa na chombo jioni. Halafu maungio hujazwa rezini ya epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, hutandikwa kitambaa cha faiba, na waya hutolewa. Ufundi huu ulienea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa kazi ya mwalimu mmoja jina lake Ken Littledyke aliyeunda kayaki hivyo, ukapata umaarufu mkubwa mwaka 1963 katika mashua ndogo iitwayo Mirror, iliyobuniwa na Barry Bucknell na Jack Holt ili mtu asiye fundi aweze kuiunda nyumbani kwake. Ulisifiwa kuwa uvumbuzi, nao ulikuwa uvumbuzi kwao. Lakini Myunani mmoja aliyeandika habari za pwani yetu katika karne ya kwanza alikwisha kuviona huku vyombo vya kushonwa, na Wabajuni wa visiwa vya Lamu waliendelea kuunda mitepe hata mwanzo wa karne ya 20, mbao kwa mbao, kwa kamba za usumba na vigingi vya mti, bila ya msumari mmoja. Fundi wa Arusha anayeshona kayaki yake kwa waya za mota anarudia, pengine bila ya kujua, kazi ya babu zake wa pwani.

Sasa kayaki imekauka, na katika baridi ya mwezi wa Julai, rezini ikawiapo kushika, kukauka huko hudai subira ya siku nyingi. Machoni imekamilika, na ghururi humnong'oneza fundi aipake rangi na kuwaita jirani. Fundi wa kweli huiziba kinywa ghururi hiyo kwa jaribio la pili. Huiweka kayaki juu ya mabenchi yaliyotandikwa magunia, akiitegemeza kila dhiraa moja, maana lita 100 za maji ni kilo 100 nazo zaweza kuuvunja mgongo wa ganda lisilotegemezwa. Hupaka unga wa chaki nje ya kila mshono. Kisha humimina maji ndani, ndoo kwa ndoo, naye huzunguka akichungulia. Mahali chaki inapogeuka kuwa nyeusi kwa unyevu, hapo pana upenyo, hata uwe mwembamba kuliko unywele. Ona adabu ya jaribio hili: maji, ambayo kazi yote ilikusudiwa kuyaweka nje, hukaribishwa ndani na fundi mwenyewe, yatoe ushahidi wao kinyume chake.

Jaribio la tatu huhitaji ziwa. Kilomita chache mashariki ya mji, Tengeru, kando ya barabara ya Moshi, liko Ziwa Duluti, lililolala katika shimo la volkano ya zamani, lenye maji matamu na msitu uliolizunguka kama ukuta. Njiani kayaki juu ya keria ya gari haikosi wa kuiuliza habari zake. Mzee mmoja wa Kimeru, tuliposimama kununua ndizi, aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema, "Mwanangu, mzinga huu mrefu hivi, nyuki wako ni wa ukubwa gani?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, huu hauna nyuki, nyuki ndiye mimi." Akaitikia marahaba, akacheka, akatuombea salama, nasi tukaiona dua hiyo ni mwanzo mwema wa kazi.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na Duluti, ambalo eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba, ni maji ya kifuu kwa mtu wa Pangani; lakini fundi katika saa hii hana haja na bahari, ana haja na utulivu, na asubuhi mapema, ukuta ule wa msitu ukiukinga upepo, uso wa ziwa hutulia hata mstari wa maji juu ya ubavu wa chombo ukaweza kuandikwa kwa penseli. Kayaki hushushwa tupu kwanza, ikatazamwa: je, imelala sawa, au imeegemea upande mmoja kwa sababu rezini ilizidi huko? Halafu hutiwa farumi, nayo farumi ya Arusha ni madumu ya lita 20 yaliyojazwa maji, kila dumu kilo 20, na manne ni uzito wa mtu mzima. Madumu husogezwa mbele na nyuma mpaka omo na tezi zipate mizani yake, na hapo kiti hupigwa alama. Wapo wanaofunga kiti kwa kukadiria, kisha wakaishi na chombo kinachoinamisha pua kama kinachonusa samaki. Dumu la maji lingewaponya.

Baada ya madumu huingia mtu, amevaa jaketi la kuelea, na mwenziwe amesimama karibu, maji ya kiunoni. Mtu huinama kulia na kushoto, kidogo kidogo, akiisikiliza kayaki kwa nyonga zake. Kayaki nyembamba huyumba upesi inapokuwa wima, jambo linalowatisha wageni, lakini iliyoundwa vema, ikishainama kiasi, hukaza, kana kwamba ubavu wake umepata kitu cha kuegemea. Na mpigaji kafi hana budi kukijua kiasi hicho, kwa sababu baharini wimbi halitamwuliza. Mwisho huja tendo ambalo mtazamaji hulidhania kuwa wazimu: hujipindua kwa makusudi. Huzama kichwa chini, hujitoa katika tundu, huibuka, huigeuza kayaki, hupanda tena akitanguliza kifua, hukaa, huanza kukumba maji. Katika dakika hizo hujifunza mambo ambayo msasa haukumwambia: kama tundu la kukalia ni jembamba mno kwa mapaja yake, kama vyumba vya hewa vya omo na tezi vimeshika, kama maji yaliyoingia yakumbika kwa upo au yamezidi. Ikiwa hayawezekani Duluti, hayatawezekana Tanga.

Katika jambo moja ziwa ni kali kuliko bahari. Lita ya maji matamu ina uzito wa kilo moja, na lita ya maji ya chumvi huzidi kwa gramu 25 hivi. Kwa hiyo kayaki na mtu wake, wakiwa kilo 100, husukuma lita 100 katika Duluti lakini lita 97 na nusu tu katika ghuba ya Tanga, na chombo huinuka kidogo. Kilichoelea ziwani kwa salama kitaelea baharini kwa nafuu. Ila nafuu hiyo isimdanganye mtu, maana bahari hulipiza kwa upepo, na upepo ndio somo ambalo Duluti haiwezi kulifundisha. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, yako wazi zaidi kwa upepo, na wageni hupigishwa makafi katika Momella Ndogo wakiongozwa. Lakini viboko wa humo hawana simile na chombo kinachojaribiwa, na fundi mwenye watoto huwaacha na maji yao.

Kabla ya safari ya kuteremka pwani kuna jaribio ambalo mtu wa Tanga hana sababu ya kulifikiri. Vyumba vya hewa vya kayaki, omo na tezi, hufungwa kwa vifuniko visivyopenyeka ili chombo kikijaa maji kisizame. Lakini hewa iliyofungiwa Arusha ni hewa ya mlimani, ambayo kani yake ni kama sehemu 85 katika 100 za ile ya pwani. Basi mtu akivikaza vifuniko nyumbani kwake, akateremka Moshi, Same, Mombo na Segera, hewa ya nje huzidi kuibana kayaki kila mteremko, hata afikapo ufukoni kila mita ya mraba ya ganda lake inabeba zaidi ya tani moja ya kani isiyoonekana. Ubao wa milimita nne waweza kubonyea, na mshono uliostahimili maji ukapasuka kwa hewa. Dawa yake ni ndogo kuliko ugonjwa: kitundu cha upana wa sindano katika ukuta wa kila chumba, kipitishacho hewa polepole na maji kwa shida, au kuviacha vifuniko wazi njia nzima. Na ili kujua kama chumba hakina upenyo mwingine, hupulizwa hewa kwa kitundu kile kile na kupakwa povu la sabuni nje ya mishono, mapovu yakatoa habari.

Ndipo huja siku ya kushua. Nungwi, Pangani na Matondoni ya Lamu, jahazi hungoja bamvua, maji yajae mpaka juu ya ufuko. Watu hukusanyika, wazee husoma dua, magogo hutandazwa, kamba hukamatwa na mikono mingi, na nyimbo huzipa nguvu, kisha hufuata chakula, kwa kuwa chombo ni cha mwenyewe lakini kushua ni kwa watu wote. Kayaki ya kilo 25 haihitaji kamba wala magogo, na mtu mmoja huibeba begani. Lakini hasamehewi adabu. Mgeni kutoka bara huwaendea kwanza wavuvi, akawaamkia, akawauliza: maji yanajaa au yanakupwa, kusi limeanza au bado tumo katika malelezi, mkondo wa mlango huu unakwenda wapi. Wazee hao huitazama kayaki kwa jicho la kejeli mpaka watakapoigusa mishono yake, na wengine huinama kutazama mkuku, na mazungumzo hugeuka kuwa ya mafundi kwa mafundi.

Akiwa ndani ya ghuba, karibu na ufuko, mpigaji kafi hupata somo lililobaki. Kayaki nyingi, upepo ukizipiga ubavuni, hugeuza omo kuelekea joshini, yaani upepo utokako, na mtu akapoteza nguvu zake kuirudisha. Tiba ni kusogeza mzigo nyuma kidogo, au kutia chini ya tezi pezi dogo la ubao. Hayo hujaribiwa palipo na watu wanaoona, siku ya upepo wa kiasi, kabla mtu hajaelekeza omo yake kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ambacho maji makubwa hukifunika. Chombo cha kuzama hakina usukani, husema Waswahili, wakikusudia kwamba likija la kuja hakuna mwongozo utakaofaa. Nami sibishani na wahenga, ila nashuhudia kwamba vyombo vingi vya kuzama vilitoa habari mapema, na hakuwako aliyeyauliza maji.

Yako mazingatio ambayo mtepe, chombo kile cha kushonwa cha Wabajuni, watuachia. Umbo lake twalijua: vielelezo vyake vidogo vimehifadhiwa katika makumbusho, na mwanzoni mwa karne hii mafundi waliunda mtepe mzima ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Twajua omo yake iliyonyoka kama shingo, tanga lake la mkeka, kamba zake za usumba. Lakini mkono wa nahodha uliojua mtepe ukaze tanga kiasi gani kabla mishono haijalegea, sikio la baharia lililojua sauti ya maji ya ngama yanapozidi kukumbwa, kiasi cha shehena ambacho ubavu ulikikubali na kile ulichokikataa, hayo yalikaa katika miili ya watu waliojaribu kila safari, nao hawakuandika, na walipokufa yalikwenda nao. Makumbusho yaweza kuhifadhi mbao. Mwendo wa chombo haukai katika mbao kavu.

Kwa hiyo namwusia kijana wa Arusha, atakayenunua plaiwudi yake mjini na kuichemsha katika sufuria ya mamaye, kwamba asiiache kazi yake bila ya daftari. Aandike mshono gani ulivuja chaki ikageuka rangi, madumu mangapi yalisawazisha omo na tezi, kayaki iliinama kiasi gani kabla ya kukaza, upepo gani uliigeuza na pezi la upana gani liliituliza. Mji huu, ambao Azimio la Arusha la kujitegemea la mwaka 1967 limebeba jina lake, umepata mafundi wengi wenye mikono hodari na madaftari machache mno, na kila kizazi chao huanza upya mahali ambapo baba zao walikwisha kufika. Mwenye kuunda kayaki ya pili ataanza na daftari la yule wa kwanza, na asiliamini kwa sababu limeandikwa: alipeleke Duluti, pamoja na madumu yake, alijaribu.